Siku Niliyofunikwa kwa Kikapu

Tulipogawana vitu vya Mama baada ya matanga, wake wa kaka zangu walichukua blanketi, leso na sufuria zile nzito. Mimi niliomba kikapu. Kaka yangu Njeru alicheka mpaka akashika ukuta. "Wawira, wewe unakaa kwa gorofa huko Embu. Utachuma majani wapi, kwa ngazi?" Nilimwacha acheke. Ni kikapu cha kuchumia majani chai, kile kikubwa cha mianzi, mdomo umerudiwa kwa waya na tumbo limetiwa viraka vya gunia. Kuvu imekipanda upande mmoja. Kwa macho ya mtu mwingine ni takataka ya kuwashia moto.

Niliinama nikaingiza kichwa ndani, mbele ya watu wote, kama mwendawazimu. Harufu ilikuwa bado imo. Aliyekulia kwenye majani ananielewa: siyo harufu ya chai ya kikombe, ni ya jani bichi lililopondeka, kidogo nyasi iliyokatwa, kidogo mapera ambayo hayajaiva. Moyo wangu ulianza kwenda mbio papo hapo. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto, nimesimama kwenye sitoo ya mama yangu, nikimwogopa kuku aliyechinjwa zamani sana.

Wenzangu kazini wananijua kwa jambo moja: mimi ndiye ninayefunga madirisha jua likiwaka. Mlango ukibamizwa, naruka. Wananiuliza kama ni mashetani. Nawaambia ni upepo, wanacheka, kwa sababu kwao upepo ni kitu cha kukausha nguo. Nami huwa nacheka nao, huku sikio langu moja likiwa dirishani.

Tuliishi Kibugu, kule juu ambako ukivuka mashamba ya majani unagusa msitu wa mlima. Nilikuwa nimeanza shule, ingawa shule yenyewe ilikuwa bado haijaniingia. Shamba letu liliteremka kutoka barabarani mpaka karibu na mto. Nyumba yetu ilikuwa juu, na kule chini kabisa, peke yake, ilikuwa nyumba ya mbao ya Cucu, mama yake baba yangu. Juu ya paa la Cucu ulisimama mti wa mukima, mkubwa kuliko yote niliyowahi kuona. Wenye Kiswahili cha vitabu huuita mgrivelea. Kwetu kila mpaka wa shamba una mikima, na kabla ya mvua kubwa hupogolewa matawi yote, ikaachiwa kishungi tu huko juu kama mtoto aliyenyolewa akabakishiwa nywele za utosini. Mukima uliopogolewa upepo hupita. Usiopogolewa hujaa upepo kama shuka kwenye kamba.

Kazi ya Baba ilikuwa hiyo hiyo ya kupogoa. Alipanda miti ya watu wa Kibugu yote, panga likiwa kiunoni, akiimba huko juu nyimbo za kanisani. Lakini mti wa mama yake ulikuwa haujaguswa tangu Guka, babu yangu, alipokufa. Mganga hajigangi. Mama alimwambia kila mara akipita na ndoo ya maji, "Baba Njeru, huo mti utaua mtu." Baba alijibu, "Kesho." Na Cucu, ambaye masikio yake yalichagua cha kusikia, alitokeza mlangoni na kusema, "Huo mti ni wa mzee wangu. Mkiuacha uchi, nitatazama wapi?"

Mama na Cucu walikuwa hawaivi chungu kimoja. Sababu sikuzijua zote. Mojawapo nilijua, kwa sababu niliiona kwa macho yangu: ilikuwa shoka. Mvua ya mawe ikianza kugonga mabati, Cucu alitoka na shoka lake akalitupa uani, makali yakitazama juu, ili mvua ikijikata irudi ilikotoka. Bibi yake alifanya hivyo na bibi wa bibi yake pia. Mama alikuwa mtu wa kanisa kabisa, wa kitambaa kichwani na maombi ya Alhamisi. Mvua ikiisha, alishuka kwa Cucu, akaokota lile shoka na kulirudisha kwenye rundo la kuni. "Shoka ni la kuni," alisema, akipanguza mikono. Mvua iliyofuata, shoka lilikuwa nje tena.

Sasa nifike kwa kuku, maana bila huyo kuku hamtanielewa.

Jioni moja wakati wa likizo, Mama alikamata jogoo mwekundu akamfunika kwa kikapu, hiki hiki cha majani, akaweka jiwe juu. Wageni wa kanisa walikuwa wanakuja kesho yake. Nilipiga magoti nikamchungulia kwenye matundu ya mianzi. Kuku akifunikwa hunyamaza, kwa kuwa hufikiri usiku umeingia. Huyo jogoo aliyekuwa akitufukuza uani alikuwa amejikunja kimya, jicho moja likinitazama tu. Asubuhi Mama aliinua kikapu kidogo, akaingiza mkono, na mambo ya jogoo yakaishia hapo. Nilikula paja, na lilikuwa tamu, nisiwadanganye. Lakini nilijifunza kitu siku ile, na nilikishika kuliko chochote nilichofundishwa darasani: kinachofunikwa kwa kikapu kinangoja kuchinjwa.

Siku iliyofuata tulikwenda kuchuma, mimi na Mama peke yetu. Njeru na kaka zangu wengine walikuwa wametumwa Manyatta kwa shangazi. Unyoya mmoja mwekundu ulikuwa bado umenasa kwenye kikapu. Mimi, katika kusaidia, nilikuwa nikikwanyua majani makubwa magumu nikiyatupia humo, maana yalijaza mkono haraka. Mama alipogundua alisimama akayachambua moja moja. Majani ya kiwandani ni mawili na chipukizi, kila mtoto wa kwetu anajua. "Wawira! Hii ni ya mbuzi ama ni ya kiwanda? Karani akinirudishia, utaniambia nini? Leo nitakufunza." Akarudi kuchuma, akiwa amekasirika mpaka mabega. Mimi nikabaki nikiingoja hiyo "nitakufunza," na kwa mtoto hakuna adhabu mbaya kama ile ambayo bado haijaja.

Mchana ulikuwa na joto la ajabu. Ndege walikuwa wamenyamaza. Upande wa mlima mawingu yalikuwa meusi, na chini yake palikuwa na mwangaza wa rangi ya majani yaliyochacha. Kutoka shamba la jirani, Mama Ndwiga akapiga kelele, "Mama Njeru! Peleka majani kwa kituo! Ikinyeshewa, karani atarudisha!" Wanawake wote walikuwa tayari wanapanda kilima wakiwa wameinama chini ya vikapu, wakikimbilia banda la mabati la kupimia majani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hata leo ni hivyo: mvua ikija, hukimbii nyumbani, unakimbiza majani. Jani lililolowa ni kazi ya siku iliyopotea. Mama naye akatia mukwa kwenye paji la uso, ule mkanda wa ngozi wa kubebea kikapu, akainuka.

Halafu akatazama juu.

Nami nikatazama alipotazama. Ukingo wa msitu ulikuwa umeinama. Siyo mti mmoja mmoja, msitu wote kwa pamoja, na kule kuinama kulikuwa kunateremka kutuelekea. Upepo niliouzoea mimi huzunguka. Ukienda Mbeere kwa jamaa zetu unauona umeshika vumbi na makaratasi ukicheza nayo, kisha unachoka. Huu haukuzunguka. Ulikuja mbele moja, kwa upana wa kilima kizima, kama wanaume wanaosukuma gari. Mikima ya shamba la juu ililala, ikafuatia ya shamba lililofuata, yote ikilalia upande mmoja.

Mama alitazama chini, kwenye paa la Cucu. Akanitazama mimi. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuona mchuma majani akilifanya. Akashika kitako cha kikapu na kukipindua, akamwaga majani yote chini.

Kwetu hata jani moja likianguka huokotwa. Nilidhani Mama ameshikwa na wazimu. Alinishika mkono akanisukuma katikati ya michai, pale ambapo mashina yamekaribiana na juu matawi yamefungamana kama dari, akanikunja magoti mpaka kidevuni na kunifunika kwa kikapu. Nikasikia akifunga mukwa kwenye shina. Uso wake ukaja kwenye matundu, karibu sana.

"Usitoke. Hata ukiitwa, usitoke. Mimi ndio nitakuja kukufunua. Mimi mwenyewe. Umesikia?"

"Unaenda wapi?"

"Kwa Cucu."

Akaondoka mbio kuteremka. Mama hakuwa anakimbia kwenda kwa Cucu kamwe. Alikuwa anakwenda huko kwa miguu mizito kama mtu anayepelekwa kwa chifu. Kwa hiyo nikaanza kuwaza ni nini kule kwa Cucu kinachoweza kumkimbiza hivyo, na sikuwaza sana. Nilikuwa nimeharibu majani. Nilikuwa nimeahidiwa kufunzwa. Nilikuwa nimefunikwa kwa kikapu, na unyoya wa jogoo ulikuwa unanigusa shavuni. Na shoka kubwa lilikuwa kwa Cucu.

Upepo ulifika kabla sijaanza kulia. Ulikuwa na mlio wa lori la majani linaloteremka bila breki, na mlio haukupita, ulikaa hapo hapo juu yangu. Kikapu kilitaka kuondoka, mukwa ulikikatalia. Nilikishika kwa ndani kwa vidole vyote, mianzi ikanikata. Mawe ya mvua yakaanza kugonga kitako cha kikapu juu yangu mpaka nisisikie sauti yangu mwenyewe. Nilisikia miti ikivunjika, mlio mfupi kama kofi, tena na tena, mbele, nyuma, kushoto. Kitu kikubwa cha bati kilipita hewani kikipiga kelele kama nguruwe. Nilikojoa. Niliomba Mungu anisamehe ile habari ya majani magumu, nikamwahidi nitachuma mawili na chipukizi mpaka nizeeke. Na katika hofu yote hiyo, niwaambie ukweli, sikuwa naogopa upepo. Nilikuwa naogopa utakapoisha, Mama arudi.

Uliisha ghafla, kama ulivyokuja. Ikabaki mvua ya kawaida. Kwa mbali, juu kwenye kituo, nikasikia watu wakiitana majina. Sauti za wanawake, kisha za wanaume, na mabati yakiburutwa. Nilikaa. Miguu ilikufa ganzi. Baadaye nikamsikia Mama Ndwiga akipita njia ya juu. "Mama Njeru! Wawira! Wawira-i!" Nilijua sauti yake, nilimpenda, alikuwa na mandazi kila Jumamosi. Nikazuia pumzi. Nimeambiwa hata nikiitwa. Tena niliwaza kwamba yule jogoo naye alinyamaza, na kunyamaza kulimfikisha angalau asubuhi.

Yaliyokuwa yakiendelea nilikuja kuyajua baadaye. Banda la kituo lilikuwa limelala chini pamoja na mizani na vikapu, na wanawake chini yake. Hakuna aliyekufa, Mungu alisaidia, lakini ilichukua muda kuinua mabati na kumtoa kila mtu. Baba, aliyekuwa juu ya mti wa mtu upande wa pili wa kilima na akateremka dakika ya mwisho, alikimbilia hapo moja kwa moja. Kila mtu alijua Mama yuko hapo. Mwanamke wa majani, mvua ikija, angekuwa wapi pengine? Walifukua banda lote wakimtafuta mtu ambaye hakuwemo.

Ndipo nikasikia gamubuti za Baba, vile viatu vyake vya mpira, zikija kati ya michai, na hatua za Mama Ndwiga nyuma yake. Gamubuti zikasimama. Halafu Baba akatoa sauti ambayo sikujua mwanamume anaweza kuitoa.

"Ni nini, Baba Njeru?" Mama Ndwiga akauliza. Kisha naye akaona. "Uuui! Amemwaga majani? Mama Njeru amemwaga majani? Basi huyo hayuko. Huyo ameenda na upepo."

Waliyaangalia yale majani yaliyotapakaa kwenye tope kama mtu anavyoangalia nguo ya marehemu. Hakuna kilichoweza kumfanya mwanamke yule aache majani yake chini, ila kifo. Walisadiki hivyo wote wawili. Nilimsikia Baba akikaa chini kwenye matope. Sikuweza kuvumilia, hata kama ni amri.

"Baba, usilie," nikasema kutoka ndani ya kikapu. "Ameenda kuleta shoka."

Michai ilifunguliwa kwa nguvu. Baba alikata mukwa kwa panga akainua kikapu, na mwanga ukaniumiza macho. Nilikishika kikapu kwa mikono miwili nikakivuta chini. "Sio wewe! Sio wewe! Ni Mama atanifunua! Alisema mwenyewe!"

"Mama ako wapi? Wawira, shoka gani?"

"Ya Cucu. Ameenda kwa Cucu."

Alitazama chini kule mtoni, ambako kabla ya upepo ulionekana mukima, na sasa palionekana anga tupu. Akaachilia kikapu. Sijawahi kumwona mtu akishuka kilima namna ile, hakufuata njia, alipita juu ya michai. Mama Ndwiga akamfuata akipiga mayowe ya kuita wanaume. Nami nikajifunika tena.

Cucu ndiye alinisimulia yaliyotokea kwake, mara nyingi, na kila mara kwa fahari mpya. Mama alimkuta amesimama uani. Alikuwa tayari ametupa shoka, makali juu, akiongea na mawingu, ameshikilia nguzo ya mlango. Alimwita, "Mama, toka hapo!" Cucu akajibu, "Nitoke niende wapi? Hii itarudi sasa hivi." Mama hakubishana. Alimshika sweta mgongoni akamvuta kama mbuzi anayekataa sokoni. Walikuwa katikati ya ua mukima wa Guka ulipolia. Mama akamsukuma Cucu kwa mikono yote miwili, na mti ukalala pale alipobaki yeye mwenyewe. Paa liliisha. Tawi kubwa lilimbana Mama mguu, na matawi mengine yakamfunika mpaka asionekane.

Cucu alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na nani angemsikia? Watu wote walikuwa kituoni, na mvua ilikuwa ikipiga. Kwa hiyo alitafuta cha kukatia. Nyumba ilikuwa imeangukiwa pamoja na rundo la kuni na kila kitu kilichokuwa ndani. Kilichobaki nje kilikuwa kimoja, kililala uani katika mvua ya mawe, pale pale alipokitupa. Baba alipofika alimkuta mama yake, yule mzee asiyeweza kupanda kilima bila kupumzika, akikata matawi, viganja vikitoka damu, na kwa kila pigo akimgombeza mume wake aliyekuwa kaburini: "Mzee! Ondoa mti wako kwa mke wa mtoto wako! Umesikia? Ondoa!"

Wanaume wakaja na msumeno wa injini. Walimtoa Mama wakamlaza juu ya mlango wa nyumba ya Cucu, kwa maana mlango peke yake ndio uliobaki mzima. Pikapu ya mwenye duka ilikuwa ikingoja barabarani ili impeleke hospitali, na njia ya mkato ilipita upande wa kule, mbali na shamba letu. Mama akawaambia, "Mnipitishe kwa majani."

"Mama Njeru, mguu umevunjika! Gari inangoja!" wakamwambia.

"Kuna mtoto hajafunuliwa."

Baba akamwambia mtoto ameonekana, yuko salama, Mama Ndwiga atamchukua. Mama akafumba macho kwa maumivu, akarudia vile vile. "Hajafunuliwa. Mnipitishe."

Mimi nilichosikia ni nyayo. Nyayo nyingi, nzito, za wanaume waliobeba kitu, zikija taratibu moja kwa moja niliko. Niliwaza, sasa wamekuja, na wamekuja wengi. Nilijikunja nikawa mdogo kuliko yule jogoo. Nyayo zikasimama. Kitu cha mbao kikatuliwa chini. Mtu akavuta pumzi kwa uchungu. Halafu vidole vikaingia chini ya ukingo wa kikapu, na mimi nilivijua vile vidole, cha gumba na cha shahada, vyeusi kwenye ncha kwa utomvu wa majani ambao haukuwa unatoka hata kwa sabuni ya kipande.

Kikapu kikainuka. Mama alikuwa amelala ubavu juu ya mlango, uso hauna damu, nywele zimejaa majani ya mukima, mkono mmoja umenyooka kunielekea. Nyuma yake alisimama Cucu, shoka mkononi. Nadhani nilipiga yowe, maana watu walicheka wote, kile kicheko cha watu waliokuwa karibu kulia.

"Haya, toka," Mama akasema. "Umekojoa?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Hata mimi," akasema. Wakambeba wakaondoka naye.

Alirudi baada ya muda mrefu sana, na mguu haukunyooka tena. Alichechemea mpaka mwisho wa maisha yake. Alipokuwa hospitalini nililala kwetu na Cucu, kwa kuwa nyumba yake haikuwepo tena, na jioni nilimweleza siri yangu: kwamba nilijua nilikuwa nimefunikwa ili nichinjwe. Hakucheka. Alikuwa ananikaushia miguu karibu na moto. "Kuku wa wageni hufunikwa," akasema. "Na kuku mwenye vifaranga hufunikwa, mwewe akianza kuzunguka. Kikapu ni kile kile. Kuku atajuaje?"

Msidhani yeye na Mama walipendana tangu siku hiyo. Waligombana kuhusu chumvi, kuhusu maziwa, kuhusu nani aliwaharibu watoto. Lakini Baba alipogoa kila mukima uliobaki mpaka kilima kikaonekana kimenyolewa. Na mvua ya mawe ikianza, nilimsikia Mama kwa masikio yangu, mtu wa maombi ya Alhamisi, akiuliza kutoka jikoni bila kugeuza kichwa, "Shoka liko nje?"

Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza kwa nini hakunichukua tu tukimbie pamoja. Alikuwa akimenya maharagwe. "Ningekubeba wewe, huyo mzee ningemvuta na nini? Na meno?" Nikamwuliza tena, na kama hungerudi? Alimenya maharagwe kadhaa. "Niliogopa," akasema. "Nilipokuwa chini ya ule mti niliogopa sana. Niliwaza, huyo mtoto ni mkaidi kama bibi yake. Nikifa hapa, atakaa kwa hicho kikapu mpaka azeeke."

Mwaka huu alilazwa hospitali ya huku Embu. Siku za mwisho alikuwa haongei, alitazama tu, na macho yake yalinifuata nikizunguka kitanda. Alasiri moja upepo ulianza, ule wa kabla ya mvua, mapazia yakaruka na mlango wa wodi ukabamizwa. Niliruka, bila shaka. Nilikwenda kufunga madirisha yote ya upande ule, hata ya wagonjwa wengine, wakanitazama. Niliporudi kitandani Mama alikuwa bado ananitazama, na nilielewa baada ya muda kwamba hakuwa ananiona.

Muuguzi alikuja, msichana mpole, akamshika mkono, akangoja, akaandika alichoandika. Kisha akavuta shuka polepole akamfunika mpaka juu ya kichwa. Mabati ya paa yalikuwa yanapiga kelele. Ninajua hiyo ndiyo kazi yake na ndivyo inavyofanywa. Nilimwambia, "Sista, ngoja kidogo." Nikashika ukingo wa shuka kwa vidole vyangu, nikamfunua mimi mwenyewe, na nikakaa naye hivyo mpaka upepo ulipopita.